Kamba ya Anayebaki

Mooney's Cove,
Ghuba ya Placentia, Newfoundland.
18 Oktoba 1936

Kwa kaka yangu mpenzi Nish,

Pokea salamu za nyumbani, za watu na za ng'ombe pia, maana yule bibi kizee mwenye pembe moja bado yu hai na bado anapiga teke ndoo. U hali gani, kaka? Na mgongo je? Katika barua yako ya Agosti ulisema kwa mstari mmoja tu kwamba umejitegua ukibeba vyuma, halafu ukarukia habari za joto la Boston, kana kwamba mimi sijui kusoma. Niambie kama unalala vizuri, na kama yule mama mwenye nyumba bado anakupa supu ya maji matupu. Nimekufumia jozi mbili za glovu za sufu, maana sipendi kufikiri umeshika chuma cha baridi huko juu hewani kwa mikono mitupu. Zimo katika furushi linalokuja na barua hii. Mna kitu kingine pia, kimefungwa kwa kitambaa cha gunia la unga. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma. Najua umeshakifungua. Basi kifunge tena, uendelee.

Sisi huku hatujambo kwa jumla. Binti yangu Honora ameota meno mawili na anayatumia kumng'ata Baba kidole, naye Baba anajifanya kuumia sana ili mtoto acheke. Shemeji yako Val ni mzima na anakusalimu. Hamjawahi kuonana, lakini anasema anakufahamu vya kutosha kwa jinsi ninavyokutaja. Samaki walichelewa kiangazi hiki, na walipokuja ukungu ukatukalia wiki tatu, tukawa tunawaanika asubuhi na kuwafunika adhuhuri mpaka nikaota mikono yangu imekuwa mapezi. Viazi vimekubali. Baba mdogo Din amepata meno ya bandia kwa daktari aliyepita na meli ya pwani. Anayavaa kanisani na kuyavua mezani, anasema hayo ni meno ya ibada, si ya nyama ya chumvi.

Habari za Baba hukuuliza. Miaka saba hujauliza, nami miaka saba nakuandikia hivyo hivyo bila kuulizwa. Mguu unamsumbua baridi inapoanza, na ile fimbo aliyokuwa akiificha wageni wakija sasa haifichi tena. Barua yako ikifika, mimi hukaa mezani nikaisoma kwa sauti, kwa kisingizio cha kumsomea Val. Hapo hapo Baba hukumbuka kazi fulani karibu na jiko. Mara ya mwisho alipanga kuni zile zile mara tatu. Nilipofika pale uliposema mmefika ghorofa ya kumi na nane, aliacha kupanga, akauliza, si mimi, aliuliza hewa tu, kama watu wa huko juu hufungwa kamba. Tafadhali nijibu hilo utakapoandika, maana ameuliza tena mara mbili.

Sasa nikupe habari kubwa. Tunajenga mashua. Val na Baba mdogo Din walikata mbao msimu wa theluji, na mwezi wa Aprili wakalaza mkuku, ule uti wa chini wa mashua, uwanjani kwetu, kati ya nyumba na shamba la kabichi. Ni ya futi thelathini na mbili, milingoti miwili, sawa kabisa na Stella yetu iliyozama. Wiki mbili za kwanza Baba alikaa ndani na pazia limefungwa. Halafu pazia likafunguka. Halafu dirisha likafunguka. Asubuhi moja akapaza sauti kutoka dirishani kwamba lile taruma la tatu la ubavuni limepinda, hata kipofu angeliona. Baba mdogo Din akamjibu, "Kama limepinda, kaka, toka nje uje ulinyooshe kwa mdomo huo huo." Baba akatoka. Tangu siku hiyo anakaa juu ya gogo la kupasulia kuni toka chai ya asubuhi hadi giza, anaelekeza kwa fimbo, na Din anasema hajawahi kutukanwa sana namna hii na mtu aliyekaa. Nilifurahi, Nish. Nilidhani Baba na mashua walikuwa wameachana kabisa.

Mwezi wa Julai Val alikwenda kuvua nyuma ya Kisiwa cha Shakwe, pale unapopajua, ilipolala Stella. Nanga yake ndogo ikanasa. Akavuta, ikakataa. Akaja kumchukua Din, wakavuta wawili asubuhi nzima mpaka kikatokea kichwa cha nanga kubwa, na nyuma yake mnyororo, pingili baada ya pingili, na mwisho kabisa kipande cha gogo la mwaloni chenye pete ya chuma. Ulikuwa mnyororo wetu, mzima, na kile kipande cha sakafu ya Stella ulichofungiwa. Walirudi wakiimba. Mashua mpya inahitaji mnyororo, na huu ukigongwa kutu utafaa miaka ishirini mingine.

Baba alisema kutu ataigonga mwenyewe. Alianzia upande wa nanga, akiweka kila pingili juu ya jiwe na kuipiga nyundo pande zote. Siku tatu tulisikia mlio ule ule, ting, ting, mpaka mtoto akauzoea akawa halali bila huo. Siku ya tatu, saa nane hivi, mlio ukakoma. Nilikuwa nakanda unga. Sikuhitaji kuchungulia dirishani. Nilijua amefika pingili gani.

Kaka, hii ni mara ya nne naandika barua hii. Tatu zimeingia jikoni motoni. Val ameniambia niandike kila kitu kwa mpangilio, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu nikiruka yale unayoyajua nitaruka na hili usilolijua. Basi nivumilie.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akifanya kila mwezi wa Mei, mashua zikishapakwa rangi na kabla hazijashushwa. Alivaa suruali ya Baba, akachukua kipande kipya cha kamba ya lami, akaingia kwa magoti chini ya sitaha ya omo, mbele kabisa, mle kwenye kishimo cha mnyororo ambamo mtu mzima hawezi kugeuka. Pale alifunga ncha ya ndani ya mnyororo kwenye ile pete ya gogo la chini. Mizunguko saba, halafu fundo. Mwanamume yeyote wa Mooney's Cove angeweza kufunga, lakini huku kwetu ncha hiyo hufungwa na anayebaki nyumbani, mke au mama au dada, na asiyekuwa nao humwomba jirani. Mama alitoka mikono myeusi, akasimama mbele ya Baba, akasema yale yale kila mwaka, "Haya, Fonse. Mimi nimefunga. Kukata ni juu yako."

Nilipokuwa na miaka minane nilimwuliza kwa nini watumie kamba, na chuma kipo. Alinicheka. Alisema kamba inatosha kuzuia mnyororo usiishie baharini mtu akizubaa, lakini ikija siku mbaya, siku ambayo nanga yenyewe ndiyo inayowaua, mtu anateremka na kisu, anapiga mara moja, mashua inakuwa huru na watu wanarudi. Alisema nanga hununuliwa nyingine. Nilimsikia vizuri sana, na ndiyo sababu sina pa kujificha.

Mama alitutoka Machi ya mwaka ule ilipozama Stella. Mei ilipofika, Baba alikuja na kamba mkononi, akaiweka mezani mbele yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilivaa ile suruali, nikaingia, nikafunga, nikatoka nikasema maneno ya Mama, na wewe uligeuka ukatazama milima ili nisione macho yako. Niliyaona.

Na Agosti unaijua. Nitaiandika kama alivyonisimulia Din, wewe utanisahihisha. Mlikuwa watatu, Baba, Din na wewe, mmetia nanga nyuma ya Kisiwa cha Shakwe mkingoja upepo utulie. Saa nne asubuhi upepo ukageuka ghafla, ukazidi, na ile merikebu kubwa ya wageni iliyokuwa mbele yenu ikakatikiwa na mnyororo wake, ikawa inawajia kwa ubavu. Hapakuwa na nafasi ya kuvuta nanga. Baba akatweka tanga la mbele, Din akatoa mizunguko ya mnyororo kwenye nguzo ya omo ukakimbia wote nje, na wewe ukatumwa chini na kisu kukata kamba ya mwisho. Mnyororo ulikimbia ukafika mwisho wake, ukakaza. Wakangoja uachie. Haukuachia. Din anasema walikusikia ukipiga kelele toka chini kwamba umekata, umekata, na Baba akijibu kata basi, kata. Baba akachukua shoka aje mwenyewe, na hapo ndipo merikebu ikawafikia na ubao wa omo ukamlalia mguuni.

Watu wa merikebu waliwavuta nyote watatu mkiwa hai, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Lakini Stella ilizama, na Baba aliletwa nyumbani juu ya machela ya kubebea samaki, na kijiji kizima kilikuwa pale gatini. Mzee Power aliuliza ilikuwaje. Baba alikuwa na homa na maumivu, lakini sauti ilikuwa yake. Alisema, "Nimezaa mwana asiyeweza kukata kamba ya mama yake." Wewe ulikuwa umeshika machela upande wa miguu. Nilikuona ukiendelea kuishika mpaka mlangoni, hukuitupa, ukamlaza taratibu kitandani. Baada ya hapo hamkusemeshana hadi ulipoondoka Oktoba.

Asubuhi uliyoondoka kwenda Boston uliacha kisu chako juu ya meza ya jikoni. Nilikusindikiza mpaka langoni. Ukanishika mabega, ukasema, "Mena, mimi nilikata. Nilihisi kamba ikiachia, mzunguko kwa mzunguko. Au labda siku hiyo nilipagawa na maji na giza, sijui tena. Wewe unaniamini?" Nikakukumbatia nikalia, na wewe ukadhani nalia kwa sababu unaondoka.

Nish, nilikuamini kwa sababu nilijua. Ulikata kamba. Uliikata mizunguko yote saba kama inavyotakiwa. Kilichokuwa kinashikilia mnyororo hakikuwa kamba. Ulikuwa waya, na niliuweka mimi.

Siku ile ya Mei nilipofunga, nilirudi nyumbani nikashindwa kulala. Nilikuwa nikimfikiria Bernadette Power, mjukuu wa Mzee Power. Baba yake alipotea vuli iliyotangulia kwa sababu kamba yao ilisagika na mnyororo ukaishia majini na mashua ikabebwa mwambani. Nilikuwa nimemzika Mama wiki tisa tu kabla. Nilijiambia hawa waliobaki sitawaacha wachukuliwe na kipande cha kamba. Kulipokucha, kabla hamjaamka, nilikata waya wa banda la kuku, nikachukua koleo la Baba, nikarudi mle ndani. Nikafungua kazi ya Mama. Nikapitisha waya mara nne kati ya pingili na pete, nikaukaza kwa koleo mpaka viganja vikatoka damu, halafu nikafunga kamba juu yake, mizunguko saba, ili asiyejua aone kamba tu. Nikatoka mle nikijiona mwerevu sana. Nilifurahi, kaka. Kiangazi chote, upepo ukivuma, nyote mkiwa nje, mimi nililala usingizi mzuri.

Nilielewa pale pale gatini, Baba aliposema maneno yale. Mdomo wangu ulifunguka, na naapa nilikuwa nitasema. Halafu nikauona mguu wake, nikaona watu, nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa Jumapili. Jumapili ikawa Oktoba. Ukaondoka, na nikasema nitakuandikia, na kila barua niliyokuandikia miaka saba hii ilikuwa ndiyo barua hii, ila nilifika habari za viazi nikasimama. Ulinitumia kitambaa cha gauni langu la harusi kutoka Boston. Nilikivaa. Najua nilichokifanya na najua nilichokunyima, na sitakuomba uniambie ni kidogo.

Basi nirudi kwa Baba na ile pingili. Alimaliza kugonga. Kamba ilikuwa imeoza zamani, lakini waya ulikuwa bado umo, umeshikana na kutu kama donge. Alikata donge lile kwa patasi, akaja nalo ndani, akaliweka dirishani karibu na birika la chai. Alimwuliza Din mara moja tu kama analifahamu, na Din akaapa kwa meno yake mapya kwamba hajui. Mimi hakuniuliza. Siku kumi na moja donge lile lilikaa pale, na kila nilipoandaa meza nilipangusa vumbi pembeni mwake.

Siku ya kumi na mbili, Alhamisi asubuhi, Val yuko kazini na mtoto amelala, niliweka mkate mezani nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa nikikaa nitanyamaza. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema alijua tangu siku ile alipolikata donge. Alisema waya ule ni wa banda lake la kuku, na umesokotwa kwa kushoto, na katika nyumba hii mwenye kutumia mkono wa kushoto ni mmoja. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Alisema angengoja mpaka Krismasi, baada ya hapo angekufa kwa kungoja.

Usidhani aliishia hapo. Alitoka nje, akakaa juu ya gogo lake akaipa nyumba mgongo, na siku mbili hakupokea chakula mkononi mwangu. Alipokea cha Val. Siku ya tatu aliingia, akakaa, akasema, "Mama yako alifunga ili tuweze kuondoka. Wewe ulifunga ili tusiondoke." Nikamwambia ndiyo. Akanishika mikono yote miwili, Nish, akaigeuza akatazama viganja, kana kwamba jeraha la miaka saba bado lingeonekana. Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa Mama. Alisema mimi nilikuwa msichana aliyefiwa na mama yake, lakini yeye alikuwa mtu mzima na baba, alitaka mtu wa kumtupia mzigo wake, akamtupia aliyekuwa amembeba.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka misa, alisimama mlangoni mwa kanisa akawazuia. Alitoa donge lile mfukoni akaliinua juu ya ncha ya fimbo. Akasema miaka saba iliyopita pale gatini aliwaambia uongo kuhusu mwanawe Ignatius, na amekuja kuurudisha mbele ya watu wale wale, isipokuwa waliokufa, na hao atawaambia mwenyewe akifika. Akasema, "Mwanangu aliikata kamba yote. Ulikuwapo waya chini yake." Mzee Power akauliza waya uliwekwa na nani. Baba akasema hilo haliwahusu. Ndipo nikapita mbele na mtoto mkononi nikasema ni mimi. Bernadette Power alikuja akanichukulia mtoto, akanishika kiwiko tukashuka mlima pamoja. Baba mdogo Din alitufuata nyuma akinung'unika, "Miaka saba nakunywa chai kwa huyu nikidhani ndiye pekee mwenye akili katika ukoo." Nilicheka huku nalia, nikajiona mpumbavu, lakini nilipumua.

Sasa mashua. Imekamilika, imepakwa rangi ya kijani, na Mei itashushwa. Jina lake ni Honora, la Mama, ingawa binti yangu atakua akidhani ni lake. Mnyororo umo, umekunjwa mahali pake, ila ncha ya ndani bado haijafungwa. Nilitegemea Baba angemwomba Bernadette au mtu mwingine yeyote. Alisema atafunga yeye. Anayebaki nyumbani sasa ni yeye, amesema, mguu huu hautamchukua tena nje ya bandari, na kama Mama aliweza kuingia kwenye kishimo kile na suruali isiyomtosha, naye ataweza. Din amesema atatia nta pande zote ili aweze kumtoa. Ameshanunua kamba ya lami. Imening'inia nyuma ya mlango, nami naitazama kila ninapochukua shali.

Kisha akaniambia nilete kile kisu chako. Nilikuwa nimekihifadhi darini ndani ya kitambaa chenye mafuta. Nilidhani anataka kukinoa, nikamletea na jiwe. Alilisukuma jiwe kando. Akakunja mkono wa shati, akapitisha kisu juu ya ngozi, na nywele zikaanguka mezani. Alikaa akizitazama. Muda wote huu alikuwa amejiambia kwamba labda ulikiacha butu, kwamba ulikuwa kijana mzembe, kwamba ndiyo sababu. Akaniambia, "Mwandikie sijakinoa. Mwandikie kwamba nimekipangusa tu." Ndicho kilichomo ndani ya kile kitambaa cha unga.

Ujumbe wake mwingine ni huu, nauandika kama alivyousema. Amesema Val ni mvuvi mzuri na Din ana tumbo, na mashua ya watu watatu ina watu wawili. Amesema kufunga atafunga yeye, lakini anayemtaka ateremke na kisu siku ya kukata ni mmoja, na kama huyo mtu ana kazi nzuri huko angani na hataki kurudi, kamba itafungwa hivyo hivyo na atamwombea. Hakuniambia niandike kwamba alikuwa akishika kitasa cha mlango alipokuwa akisema haya. Hilo nimeongeza mimi.

Meli ya pwani ya kwanza itapita wiki ya pili ya Mei kama barafu itaruhusu. Nakuomba uje, Nish. Usije kwa ajili yangu. Ukija na hutaki kunisemesha, nitakupikia vivyo hivyo na kukuwekea sahani mezani, na utaniambia neno la kwanza siku utakayoweza, hata ikiwa ni kulalamika kuhusu chumvi. Na kama jibu lako ni kwamba huji, niandikie hilo kwa ukweli. Sitaling'ang'ania. Nimejifunza kwa gharama yako.

Nisalimie wenzako wote wa kazini, hasa yule Mick anayekuazima magazeti. Val, Baba mdogo Din na meno yake, Bernadette na mama yake wanakusalimu. Mtoto anakusalimu kwa kung'ata. Vaa glovu. Mungu akuweke huko juu, na kama huko hawafungi watu kamba, waambie dada yako amesema wafunge.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye deni la kukuomba msamaha maisha yake yote,

Philomena

Baba amekuja kuchungulia juu ya bega langu na anataka kuweka alama yake mwenyewe. Ameweka ule msalaba wake wa siku zote, halafu akaona hautoshi, akachora mstari chini yake, akaacha nafasi, akachora mstari mwingine. Nimemwuliza ni nini hicho. Amesema ni kamba, imekatwa.

✕
———   ———